Kwa Mama Nuru, kuhusu zile kilomita 21

Dar es Salaam
28 Septemba 2025

Shoga yangu Mama Nuru,

Salamu nyingi kutoka Mwananyamala. Sisi hatujambo, Salma kaanza tena kukohoa lakini anacheza na kula vizuri. Natumaini na nyie huko Singida ni wazima, na shemeji kapona mgongo.

Hongereni na kijana wenu Simbu! Ile tarehe 15 niliamka usiku wa manane nikamwangalia anavyokimbia marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo, simu nimeifunika kwa khanga nisimwamshe mtu. Alipoibana ile sekunde ya mwisho na Mjerumani nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka. Saa mbili, dakika 9 na sekunde 48 kwa wote wawili, kisha dhahabu ikaamuliwa kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Nililia, shoga. Na hapo ndipo nikakumbuka nina deni la kukusimulia mbio zangu.

Ni zile za Agosti, zinazoanzia viwanja vya The Green pale Oysterbay, ambazo fedha zake zinasaidia watoto wenye matatizo ya moyo kutibiwa pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mwaka jana unakumbuka nilivyorudi nimenuna wiki nzima. Nilikimbia na saa mkononi, kila kilomita naitazama, najigombeza, na siku ile sikuona hata bahari. Safari hii saa niliiacha kabatini.

Tuliondoka giza bado. Umati ule, Mama Nuru, hujapata kuuona: vikundi vya jogging kutoka Temeke, Mbagala na Kinondoni, kila kikundi na fulana zake na kiongozi wake wa nyimbo. Nilijipachika nyuma ya wazee wa Temeke. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na miguu inafuata wimbo yenyewe. Nikajikuta niko Darasa la Tano, wewe uko mbele yangu, viatu umevishika mkononi visichakae, tunazunguka uwanja wa mpira kwenye mchakamchaka alfajiri. Nani alikuwa anatupima muda siku zile? Tulikuwa tunakimbia kwa sababu wimbo haujaisha. Furaha ile ile imenirudia nina miaka arobaini na mbili na watoto watatu.

Halafu daraja la Tanzanite. Wewe ulihama kabla halijafunguliwa, kwa hiyo ngoja nikueleze. Lina kilomita moja na ushee juu ya bahari, kutoka upande wa ufukwe wa Coco mpaka karibu na hospitali ya Aga Khan. Siku za kawaida unapita na gari, dakika moja umeshavuka. Kwa miguu ni kitu kingine kabisa. Kusi ilikuwa inavuma, mtandio wangu unapepea mpaka nikaufunga fundo kisogoni. Maji yalikuwa yamekupwa, na chini kule kwenye matope ndege weupe wanatembea polepole wanadonoa. Kulikuwa na mvuvi mmoja anasukuma ngalawa yake, maji yamemfika mapajani. Akasimama, akatutazama, akainua mkono. Watu mamia tukampungia. Nilipunguza mwendo makusudi ili daraja lisiishe haraka.

Siwezi kukudanganya kwamba yote yalikuwa matamu. Kwenye kilomita ya 16 misuli ya mguu wa kushoto ilikaza kama kamba, nikashika nguzo ya taa. Mzee mmoja, nadhani ana miaka sabini, akasimama nami. Akaniambia, "Mwanangu, tembea kwanza, njia haihami." Akachukua chupa yake ya maji akanimwagia kwenye mguu, tukatembea pamoja mpaka ukalegea. Njiani akanisimulia kwamba mjukuu wake alipasuliwa moyo na sasa anakwenda shule, ndiyo maana kila mwaka hakosi. Nilimshika mkono kuvuka mstari. Sikumuuliza hata jina, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Baada ya hapo tulienda Coco kula mihogo ya kukaanga, pilipili nyingi, medali bado shingoni, chumvi ya jasho imekauka usoni. Salma aliivua medali akaivaa yeye, na mpaka sasa analala nayo.

Ujumbe wa muda wangu uliletwa kwenye simu jioni ile. Umo humo mpaka sasa, sijaufungua.

Mwakani nataka uje, Mama Nuru. Usiniambie habari za umri wala uzito, wapo wanawake wakubwa kuliko sisi na wanene kuliko sisi, na walimaliza wanaimba. Anza taratibu: Jumamosi mbili za kwanza, tembea na kukimbia, kisha ongeza. Utalala kwangu, kitanda cha Salma kinakutosha. Nauli ya basi tutachangia. Niandikie namba ya kiatu chako, maana kuna kaka pale soko la Karume ana raba nzuri za mtumba na ameahidi kuniwekea.

Msalimie shemeji, na Nuru umbusu kwa niaba yangu.

Shogako,
Mama Salma