Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: hela ya fulana tumenunulia sabuni

Wanachama wenzangu, wazazi wote wa njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya wakati, habari za majukumu. Mapato na matumizi mtapewa na mweka hazina, mimi naongelea kazi.

Mwaka huu kamati ilifuta fulana za tarehe 17 Novemba, siku ya mtoto njiti duniani, tukanunua ndoo za bomba na sabuni ya maji, najua wapo walionuna, ila wote tumelala wodini tunajua mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kinga yake ndogo, ngozi laini inachubuka upesi, halafu ana dripu, ana mpira wa kulishia, kila kinachoingia mwilini ni njia ya bakteria. Na hao bakteria wanaletwa na mikono. Yetu, ya manesi, ya shangazi aliyeshuka daladala sasa hivi anataka kumshika mtoto shavu.

Kwa wajawazito tulikazania yanayoanza kabla ya kujifungua, maana wengi wanadhani mtoto anaambukizwa akishazaliwa tu. UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) isiyotibiwa, homa wakati wa uchungu, kupimwa njia ya uzazi kwa vidole kila saa, chupa ya uzazi kupasuka yakapita masaa 18 mtoto hajatoka, hapo bakteria wanapanda toka ukeni wanamfikia humohumo tumboni. Tunawaambia chupa ikipasuka angalia saa, andika kwenye simu, ukifika mwambie nesi, maana saa hiyo ndo inawasaidia kuamua kama uanzishiwe antibayotiki na mtoto aangaliwe kwa karibu.

Kitovu ndo kilitutoa jasho. Majivu, mate, mafuta, kila ukoo na lake. Bibi mmoja alikuja na dawa ya unga kwenye kipande cha gazeti ampakae mjukuu, tukaongea nae kwa heshima zote, kitovu kiwe safi na kikavu basi, akaguna akaifunga dawa yake. Siku hizi yeye ndo anasimama mlangoni kwao, hunawi huingii.

Kangaruu, yaani kumweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, tunaendelea nayo. Utafiti uliotoka 2021, Tanzania ikiwemo, ulionyesha wachanga wa kilo 1 mpaka 1.8 wakiwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa vifo vinapungua kwa robo, na maambukizi pia yanapungua. Mtoto akikaa kifuani anazoea vijidudu vya mama yake badala ya vile sugu vya wodini, na ziwa liko palepale.

Jamani msisubiri homa. Njiti akiugua mara nyingi anapoa, joto la mwili chini ya nyuzi 35.5, anagoma kunyonya, analegea, anapumua mbiombio. Mkimbize hospitali hata kama ni usiku wa manane, hayo mengine tutachangiana asubuhi.

Wenye madeni ya ada myalipe kabla ya uchaguzi, usipolipa hupigi kura. Halafu ndoo moja bomba limekatika, mwenye fundi aniinbox.