Meza ya malalamiko: barua kwa somo yangu

Newala, Mtwara
Oktoba, msimu wa korosho

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Newala. Sisi hatujambo, na tunamshukuru Mungu kwamba mikorosho imezaa vizuri mwaka huu. Barua yako ilinifikia wiki iliyopita, na swali lako nimelala nalo siku kadhaa. Unauliza kwamba, ikiwa Katiba yetu yenyewe inamtaka waziri awe mbunge, huo mgawanyo wa madaraka ninaowafundisha vijana wa kidato cha tatu uko wapi?

Niruhusu nianzie ghalani. Jumamosi nilipeleka magunia manne ya korosho kwenye ghala la chama cha msingi. Kwa mizani ya jirani yangu yalikuwa kilo 318. Kwa mizani ya ghala yakawa kilo 306. Kijana aliyepima ndiye aliyeandika stakabadhi, na niliposema kwamba nina malalamiko nilielekezwa kwenye meza iliyo kando ya mlango, nikaketi kwenye benchi nikisubiri, mpaka yule yule kijana alipofunga daftari la kupimia, akapiga hatua tano, akavuta kiti na kufungua daftari la malalamiko. "Shikamoo, mwalimu," akasema kwa heshima zote, "tatizo ni nini?" Sikumwita mwizi, wala simwiti sasa, kwa kuwa huenda mizani ya jirani ndiyo mbovu. Kilichoniuma ni kwamba pale hapakuwa na mtu ambaye jibu lake lingeweza kunituliza, na kama kijana yule ni mwaminifu, hapakuwa pia na mtu wa kumsafisha machoni pangu.

Mfaransa Montesquieu aliliandika jambo hilo mwaka 1748, alipoonya kwamba mamlaka ya kutunga sheria, ya kuitekeleza na ya kuhukumu yakikusanywa mikononi mwa mtu mmoja au kundi moja, uhuru wa raia umekwisha. Katiba yetu ya mwaka 1977 inalikubali wazo hilo katika ibara ya 4, nasi tumezoea kuviita vyombo hivyo, yaani Serikali, Bunge na Mahakama, mihimili mitatu ya dola. Hata hivyo umesema kweli kwamba mipaka yake imeingiliana: ibara ya 55 inataka mawaziri wateuliwe kutoka miongoni mwa wabunge, ibara ya 62 inamfanya Rais kuwa sehemu mojawapo ya Bunge, na ibara ya 66 inampa nafasi ya kuteua wabunge wasiozidi 10. Tume ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni ya katiba mpya, ilipendekeza katika rasimu yake ya mwaka 2013 kwamba mawaziri wasiwe wabunge, lakini unajua mwenyewe kwamba kura ya maoni juu ya katiba hiyo mpya, iliyokusudiwa kufanyika mwaka 2015, haijafanyika.

Pamoja na hayo, mimi siamini kwamba kasoro yetu kubwa iko kwenye viti vya mawaziri. Marekani, Ufaransa na, tangu mwaka 2010, Kenya haziruhusu mtu awe waziri na mbunge kwa wakati mmoja. Uingereza na Ujerumani zinaruhusu, na hakuna anayesema kwamba raia wa Ujerumani hana pa kukimbilia serikali yake inapomwonea. Kule Mahakama ya Katiba haikuwekwa hata katika mji mkuu. Tangu mwaka 1951 iko Karlsruhe, mbali na Serikali na Bunge. Waingereza nao walikaa karne nyingi na majaji wao wa juu kabisa wakiwa ndani ya Baraza la Malodi, yaani ndani ya Bunge lenyewe, mpaka mwaka 2009 walipowahamishia kwenye Mahakama ya Juu, katika jengo lililo ng'ambo tu ya uwanja wa Bunge. Miaka kumi baadaye Waziri Mkuu Boris Johnson alimshauri Malkia asimamishe shughuli za Bunge kwa wiki tano, watu wakaenda kulalamika katika jengo hilo, na tarehe 24 Septemba 2019 majaji wote 11 wakaamua kwa kauli moja kwamba kusimamishwa kule kulikuwa batili. Kesho yake wabunge walirudi vitini. Waziri Mkuu alikuwa mbunge na mawaziri wake walikuwa wabunge, lakini aliyeshika daftari la malalamiko hakuwa mmoja wao.

Sasa nije kwetu, na hapa ndipo moyo unaponiuma. Matokeo ya ubunge hapa Newala yakibishaniwa, yupo mwenye haki ya kwenda Mahakama Kuu, na jaji atasikiliza mashahidi na kuziangalia fomu. Lakini Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, ibara ya 41(7) inasema hakuna mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Kwa hiyo kiti kidogo kina meza ya malalamiko, na kiti kikubwa kuliko vyote hakina. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa nchini, Arusha, ilitamka mwaka 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika tulioutia saini sisi wenyewe.

Wapo wanaosema kwamba kuiruhusu mahakama iguse uchaguzi wa Rais ni kuitia nchi motoni. Nawaheshimu, kwa kuwa amani si kitu cha kuchezea, lakini majirani zetu wawili wamekwisha kupita njia hiyo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta matokeo ya urais. Uchaguzi ukarudiwa mwezi uliofuata, na Rais Uhuru Kenyatta, ambaye ushindi wake ulikuwa umefutwa, akashinda tena. Malawi, tarehe 3 Februari 2020, majaji watano walifuta uchaguzi wa mwaka uliotangulia baada ya kuonyeshwa, pamoja na kasoro nyingine, fomu za matokeo ambazo tarakimu zake zilifutwa kwa wino mweupe wa kusahihishia, ule ule ninaowakataza wanafunzi wangu wasiutumie katika mtihani. Waliporudia mwezi Juni alishinda mpinzani, Lazarus Chakwera. Katika nchi zote mbili majaji hawakumchagua mtu. Waliwarudishia wananchi kazi yao waifanye upya.

Wala sisemi kwamba majaji wetu hawana uthubutu. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya, akiwa Mwanza, alitumia haki zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 kuamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki sawa na mwanamume ya kuuza shamba alilorithi, ingawa mila ya ukoo ilimkatalia. Jaji akifunguliwa mlango anafanya kazi. Tatizo langu ni mlango uliofungwa kwa maandishi.

Kuhusu kilo zangu 12, nimemwandikia mwenyekiti wa chama kuomba kwamba daftari la malalamiko likabidhiwe kwa mwanachama atakayechaguliwa na wakulima wenyewe, asiye mpimaji, asiye karani wala asiye mjumbe wa bodi, naye ameniahidi kulileta jambo hilo katika mkutano mkuu tarehe 25. Wewe ulipokuwa katibu wa chama chenu huko Nachingwea, daftari hilo mlimpa nani, na alilipwa kutoka mfuko gani? Niandikie kabla ya siku hiyo, maana swali la malipo najua ndilo watakaloniuliza kwanza.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi somo yako