Kierkegaard hakusema yote tunayomsemesha

Mhariri,

Makala na mahubiri mengi hupenda kuanza na "Kierkegaard alisema", hali aliyesema si yeye. Mwanafalsafa huyu Mdenmaki (1813–1855) alivitoa vitabu vyake vingi mashuhuri kwa majina ya kubuni. Mwaka 1846, alipokiri hadharani kuwa ndiye aliyeviandika, aliomba jambo moja: anayenukuu ataje jina lililo kwenye kitabu, si lake.

Washairi wetu wa magazetini wana lakabu pia, ila lakabu ya malenga ni malenga mwenyewe. Majina ya Kierkegaard ni wahusika, kila mmoja na msimamo wake. Chukua Enten – Eller, yaani "Ama – Au", ya Februari 1843. Jina lililo mbele ni la mhariri, Victor Eremita. Anasimulia kwamba alikuwa karibu kuondoka safarini, droo ya fedha ikagoma, akalipiga dawati kwa shoka. Kikafunguka kijimlango cha siri, ndani mna karatasi za watu wawili, A na B. Katika karatasi za A mna shajara ya mtongozaji, na A naye anadai hakuiandika. Anayeinukuu kama maoni ya Kierkegaard kuhusu wanawake ameruka kuta tatu.

Kinachoumizwa zaidi ni Frygt og Bæven, juu ya Ibrahimu na sadaka ya mwanawe. Jina lake limetoka Wafilipi 2:12, "kwa kuogopa na kutetemeka". Msimulizi, Johannes de Silentio, anakiri kwamba imani ya namna ile haiwezi. Anamstaajabia Ibrahimu tu. Halafu sisi tunamfanya msimulizi huyo mwalimu wa imani!

Kwa hiyo msomaji aanze na ukurasa wa jina. Akikuta Kierkegaard ametajwa kama mtoaji tu, kama katika kitabu cha Anti-Climacus juu ya kukata tamaa (1849), asimchanganye na msemaji: Anti-Climacus ni Mkristo wa daraja ambalo Kierkegaard hakudai kulifikia. Kisha atafute hotuba za kujenga imani, alizozitia sahihi mwenyewe. Mbili za kwanza zilitoka Mei 1843, miezi mitatu tu baada ya Enten – Eller. Baadaye aliandika kwamba kitabu kile alikitoa kwa mkono wa kushoto, hotuba kwa mkono wa kulia, na karibu watu wote wakapokea cha kushoto.

Msomaji wenu,
Dodoma