Usimpigie Shangazi Yako

Muheza, Alhamisi usiku

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, ila goti la mama yako limeanza tena. Barua hii nampa kijana wa jirani, yule kondakta, akuletee mkononi kabla hujaondoka Dar Jumatatu. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu yangu inashikwa na kila mjukuu, na kule kwenye kundi la ukoo kila mtu anasoma.

Hilo kundi ndilo lililonikosesha usingizi. Juzi saa nne usiku unauliza mbele ya watu thelathini na sita: "Hivi ni kweli Babu aliacha mtoto Buha?" Mwanangu! Mimi ndiye niliyekufundisha kuuliza, sikatai. Walimu wako wote waliandika kwenye ripoti kwamba huyu mtoto haachi kuuliza, nami nikatamba nalo mpaka barazani msikitini. Lakini kuna la kuuliza hadharani na la kumjia baba yako chumbani. Bahati nzuri shangazi yako anatumia kile kitochi chake, hayumo kundini. Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu: usimpigie shangazi yako. Ukifika Kasulu, huko huko Buha, ukasikia lolote, liwe zuri liwe baya, nipigie mimi kwanza.

Ana presha, unajua. Na tangu nimepata akili namsikia akijiita kifungua mimba wa Mzee. Mtu wa miaka zaidi ya sabini na tatu umpigie simu umwambie yeye ni wa pili?

Kupangiwa kituo Kasulu hukuomba, nami sikuomba. Mama yako anasema ni Mzee anakuita. Mimi nasema ni wizara. Lakini nilipoliona jina lako kwenye orodha nilisimama, nikaenda uani, nikakaa huko muda mrefu. Mwalimu wa sekondari katika nchi aliyotoka babu yako akiwa hajui kusoma hata namba yake mwenyewe. Nimefurahi, usidhani nagomba tu.

Mama yako ameshakutumia kile kipande, kadi ya kazi ya Mzee, najua, bila kuniuliza. Sawa. Kitunze kwenye plastiki, pembe zake zinamomonyoka. Jina utakaloliona pale si Saidi. Saidi alilipata aliposilimu ili amwoe bibi yako. Wabondei hawakumpa binti yao hivi hivi. Jina la kwao ni hilo la kwenye kipande, na chini yake kuna wilaya, Kasulu, na namba. Hiyo namba ndiyo iliyowapa vibarua wote wa mkonge jina la manamba. Alikusanywa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanza 1944, iliyokuwa ikileta watu kutoka Buha, Njombe, Songea, hata Urundi. Yeye aliingia shamba 1949.

Sasa, kwa kuwa umeamua kuchunguza, chunguza kwa akili. Uvumi wa nyumba hii si mmoja, na usiuweke wote kwenye kapu moja.

Kwamba aliua mtu kwao akakimbia, lifute. Watani ndio walioliimba siku ya arobaini yake, 1986, nasi tukacheka, kisha watoto waliokuwa wamekaa pale wakakua nalo kama kweli. Mtu anayekimbia kesi hajipeleki bomani akaandikishwe jina na kijiji, akapimwe na daktari, apewe blanketi.

Kwamba aliruka kwenye treni ya Kigoma ilipofika Korogwe, nalo ni la vijiweni. Reli ya kutoka Ruvu mpaka Mruazi, inayoiunganisha reli ya kati na hii yetu ya Tanga, ilifunguliwa 1963. Mwaka 1949 treni ya Kigoma haikuwa na njia ya kufika Korogwe. Yeye mwenyewe alinisimulia: walishushwa Morogoro, wakapandishwa lori wakiwa wamesimama, na mwenzao mmoja alitapika njia nzima.

Kwamba alikuwa Mrundi. Hapa nisikilize. Kule uendako neno hilo si la mzaha, linaweza kumpeleka mtu Uhamiaji na kitambulisho chake mkononi. Mwaka jana ulinisomea sheria kwenye simu, kwamba aliyezaliwa Tanganyika na mzazi wake mmoja naye akazaliwa Tanganyika alikuwa raia tangu tarehe 9 Desemba 1961, na bibi yako ni wa hapa hapa Muheza, basi hatuna wasiwasi. Nimekuelewa. Lakini afisa wa kaunta hakusikia ukinisomea. Kiha na Kirundi wanasikilizana, na Mzee alipoongea usingizini nani angejua ni kipi? Kipande kinasema Kasulu. Sema Kasulu.

Ukienda kutafuta kijiji usishangae ukikikosa. Miaka ya 1970 watu walihamishwa kwenye Operesheni Vijiji, na nyumba za zamani zilizokuwa zimetawanyika milimani zikabaki mahame. Usiulize kwa jina la kijiji peke yake. Uliza vikongwe, hasa wanawake, ni nani alikwenda Tanga kwenye mkonge akakosa kurudi. Hawatakuwa wachache. Wengine walirudi na baiskeli, wengine na kifua kibovu, na wengine walibaki huku kwetu wakawa Saidi. Na usitangulize jina la Mzee. Ukilitanguliza kila mtu atakuwa ndugu yako. Waache walitaje wao.

Nunua sweta. Kasulu ni juu, kuna baridi, si kama huku.

Hilo la mtoto nitakuambia, lakini kwanza nikuulize: ile pesa uliyotuma ya bati ulikusudia bati zote au upande wa jikoni tu? Maana fundi amepanda, amesema upande wa chumba chetu umeoza kabisa, misumari inatoka kwa mkono. Mvua za vuli zilituingilia mpaka kitandani. Mama yako anataka tuezue zote. Mimi nataka zile za mbele zibaki. Anasema nina wazimu, bati za miaka arobaini na zaidi za nini.

Bati hizo zilinunuliwa Agosti 1979. Mzee alilipwa kiinua mgongo chake. Shamba lilikuwa limeshataifishwa tangu 1967, mkonge unashuka, wazee wanapunguzwa. Miaka thelathini ya kukata, kila mzigo majani thelathini, mizigo kwa mamia, miba ikimchoma mpaka jicho la kushoto likaingia ukungu, kisha akahamishiwa korona, kile kiwanda cha kusindika mkonge, kulisha mashine. Nyumba yetu ilikuwa ya makuti. Mimi nilikuwa karani pale ofisini, kijana wa suruali pana, na nilikuwa nimeshaposa. Baba yake mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa amesema maneno fulani kuhusu makuti.

Kazi yangu mojawapo ilikuwa kugawa barua. Wiki ile ile ikaja moja kutoka Kasulu, kwa sanduku la posta la shule ya msingi, imeandikiwa mtu ambaye hakuna aliyemjua pale ofisini. Mimi nililijua jina. Nilikuwa nimeliona kwenye kipande tangu nikiwa mtoto.

Iko ndani ya bahasha hii, karatasi ya pili, ile ya mistari. Usiisome kwenye basi. Ni fupi: Baba, barua yako imefika. Mama alishafariki. Ng'ombe wako mmoja ana ndama. Tuambie siku, tuje tukupokee stesheni Kigoma.

Nilipiga hesabu. Ningempa, kesho yake angekuwa njiani, na pesa mfukoni. Ndiyo hesabu niliyopiga, sikupiga nyingine. Nikaitia ndani ya leja. Nikajiambia nitampa tukishaezeka. Tukaezeka, nikajiambia nitampa nikishaoa. Desemba ikaja ya pili. Hiyo sikuifungua, nikaandika juu yake "Hajulikani", nikairudisha posta.

Basi jibu la swali lako la juzi ni ndiyo. Unaweza kuona kwa nini sikukujibu mle kundini.

Utaniuliza: hiyo barua ya kwanza, ile iliyojibiwa, nani aliiandika, na Mzee hakujua kushika kalamu? Umeshaanza kuuliza, nakujua. Shangazi yako. Alikuja kunipa mkononi niitie posta, kwa kuwa mimi ndiye karani, akaniambia usimwambie mama. Hilo la kifungua mimba analisema kwa watu. Mimi na yeye tunajua anavyolisema. Na kila alipokuja kutusalimia toka mwaka ule aliniuliza, "Kasulu hawajajibu?" nami nikamjibu hawajajibu. Aliniuliza mbele ya Mzee pia. Siku ya mazishi hakuniuliza, na tangu siku hiyo hajauliza tena.

Kwa hiyo presha anayo kweli, lakini si presha ninayoiogopa. Ukimpigia ukamwambia neno moja tu, kwamba kule walikuwepo, kwamba walikuwa wakingoja, atajua mara moja ni nani aliyeketi katikati. Usimpigie shangazi yako. Nakuomba kama baba, na kama baba haitoshi nakuomba kama mtu.

Hata hivyo nawe una makosa yako, tusijifanye. Mwaka juzi ulikaa miezi mitano bila kupiga simu, kisa kazi ya kujitolea, kisa vocha. Nilimwambia mama yako, huyu mtoto kajifunza wapi kukaa kimya? Alinitazama tu. Sikuelewa alichokuwa akikitazama.

Nyuma ya ile karatasi kuna jina la mwandishi, na jina la mwalimu aliyemwandikia. Mwalimu pengine ndiye rahisi kumpata, maana wewe sasa ni mwalimu mwenzake, na walimu wa zamani wanakumbukwa. Nenda na zawadi. Sukari na kanga mbili, usiende mikono mitupu ukatuaibisha. Wakikuuliza kwa nini hakuja, sema aliezeka nyumba. Hapana, usiseme hivyo. Waambie alipata barua akiwa... Sijui, mwanangu. Waambie kaburi lake liko Muheza, chini ya mchungwa, na kwamba linafagiliwa. Hilo ni kweli, nalifagia mwenyewe.

Machungwa mwaka huu mengi, bei ya kuchekesha. Madalali wanakuja na malori wanataja bei wakiwa wamegeuza uso. Nimeweka magunia mawili usiku huu kwa yule kondakta, moja lako, jingine ugawie wenzako wa hosteli. Ukifika huko tutumie migebuka iliyokaushwa, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, mama yako ameisikia sifa yake kwenye redio. Pesa ya bati nimeamua: ezua zote, fundi aanze Jumamosi. Mama yako ameshinda.

Yule mtu akiwa hai atakuwa na umri wa miaka themanini hivi. Ukimkuta, piga magoti, mwamkie shikamoo baba mkubwa. Usimwite mzee, huyo ni baba yako mkubwa. Akikuuliza mimi ni nani, mwambie.

Nami Jumapili nitapanda gari la Korogwe nikamwone shangazi yako. Nimemwambia mama yako anipigie pasi kanzu. Nisipokwenda atakujulisha yeye, na hapo mpigie.

Baba yako