Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Tanzania: Tuoteshewe damu wilayani

Mheshimiwa Waziri,

Dada yangu anaishi na VVU. Mwaka jana alikatiza dawa miezi kadhaa, kinga ikashuka, homa ikaanza. Hospitali ya wilaya walimpima malaria, hana, wakampa dawa mseto hivyo hivyo. Homa ikarudi. Wakampima Widali, kipimo cha damu cha taifodi, wakasema anayo, akameza vidonge. Homa ikarudi tena, safari hii hata kukaa kitandani hawezi. Tulipomfikisha hospitali ya rufaa wiki tatu zilikuwa zimepita. Huko ndiko damu yake ilikooteshwa, yaani ikawekwa kwenye chupa maalumu ili kimelea kilichomo kiote na kutambuliwa, na siku ya tatu majibu yakatoka: bakteria wa salmonela, lakini siyo ile ya taifodi.

Sikuwa nimewahi kuisikia. Mwenye kinga nzuri ikimpata huharisha siku chache akapona. Kwa mtu ambaye kinga imeshuka, au mtoto mwenye utapiamlo au aliyedhoofishwa na malaria, hupenya utumbo ikaingia kwenye damu, mara nyingi bila kuhara kabisa. Inabaki homa tu, na homa huku kwetu ina majina mawili, malaria au taifodi. Widali haiwezi kuitofautisha; hata hiyo taifodi yenyewe huikosea mara nyingi. Kibaya zaidi, aina iliyoenea Afrika kusini mwa Sahara, inayoitwa ST313, mara nyingi ni sugu kwa antibiotiki za ampisilini, kloramfeniko na hata Septrini, ambayo wagonjwa wa CTC, kliniki za wenye VVU, hupewa wameze kila siku kama kinga.

Ninaomba jambo moja. Kila hospitali ya wilaya iweze kuotesha damu: chupa zisikosekane, damu itolewe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, kuwe na inkubeta, kabati la joto la kuoteshea, inayofanya kazi umeme ukikatika, na mtaalamu wa maabara aliyefundishwa kusoma kilichoota. Tangu 2017 nchi ina mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Daktari wa wilaya atautekelezaje ikiwa hajui anatibu kimelea gani?

Dada alichomwa sindano za antibiotiki ya seftriaksoni, akapona, amerudi kwenye ARV zake. Kijana wa kitanda cha jirani, aliyeletwa na homa kama yake, alifariki usiku ule ule aliofika, damu yake haijatolewa. Asubuhi mama yake alitushika mikono, akatuuliza mwanawe alikuwa anaumwa nini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Ndugu wa mgonjwa