Furaha si ya wenye pesa peke yao

Ndugu Mhariri,

Assalam alaykum, na kwa wasomaji wenzangu wasio Waislamu habari za saa hizi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana kuna msomaji mwenzetu aliandika humu majuzi akasema kwa maisha ya sasa hivi furaha imebaki ya wenye pesa, sie wengine tunasubiri sikukuu tu ndo tucheke. Ile barua nimeisoma nikairudia, machungu yake nimeyaelewa, hayo ya kodi ya nyumba na mafuta ya kula na michango ya shule ni kweli tupu na siwezi kumwambia mtu asilalamike. Ila hapo kwenye furaha nakataa kabisa, na nataka nimjibu kwa mapenzi maana naona kama kuna kitu kizuri anacho nyumbani kwake na hakioni.

Mie naishi Tanga, Ngamiani, asubuhi nauza mbaazi na mahamri barazani kwangu, mume wangu ni fundi baiskeli na mnaoijua Tanga mnajua baiskeli kwetu bado zipo nyingi mpaka leo, kwa hiyo kazi ipo ila sio ya kumtajirisha mtu. Nasema hivi ili nisije nikaonekana naongea nikiwa nimeshiba sana.

Sasa chukua Ijumaa ya kawaida, sio Idd, sio Maulidi, Ijumaa tu. Siku hiyo mie nafunga biashara mapema, sufuria likishaisha naosha vyombo, naoga, nachoma udi kidogo, nakaa na msahafu nasoma Suratul Kahf huku nyumba imetulia, watoto wakubwa wako shule, mdogo amelala kwenye mkeka. Hapo hakuna anaenidai kitu wala anaeniita. Wanaume wanapita njiani na kanzu zao wanakwenda msikitini, wengine wanaendesha baiskeli mkono mmoja umeshika kanzu isiingie kwenye mnyororo, mie huwa nawaangalia dirishani na moyo unakunjuka wenyewe, yaani sijui niwaelezeje, kuona mji mzima unaelekea upande mmoja kwa ajili ya Mola wao.

Halafu chakula. Watu wakisikia chakula cha Ijumaa wanawaza pilau ya nyama, na kweli pilau tunaipenda nani asiyeipenda, lakini wiki nyingi kwangu ni wali wa nazi na mbaazi zilezile, nabakisha kibakuli cha asubuhi nazipika upya. Mbaazi zina heshima yake jamani. Uziloweke usiku, uzichemshe mpaka ukiibonyeza kwa vidole inapasuka, utie tui jepesi kwanza likaukie na kitunguu na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, tui zito la mwisho kabisa na hapo usiondoke jikoni, unakoroga taratibu moto mdogo maana ukizembea tui linakatika na ladha inaondoka. Wali nao naupalia makaa juu ya mfuniko, ule ukoko unakuwa wa rangi ya dhahabu na unanukia nazi, watoto wanaugombania kuliko hata nyama. Ukoko haununuliwi mahali ndugu msomaji, hata huyo tajiri unaemsema akitaka ukoko lazima awe na mtu nyumbani aliyekaa akaupikia wali kwa subira.

Mume wangu akirudi tunakula sinia moja, wote, chini kwenye mkeka. Mtume (S.A.W.) alimfundisha Umar bin Abi Salama, mtoto wa mkewe aliyemlea, aseme bismillahi, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake, na mimi naona mafunzo yale ndo adabu yote ya kuishi na watu iko pale kwenye sinia, mtoto anajifunza kwamba upande wa mwenzie si wake, na mkubwa anasukuma kipande kizuri kwenda kwa mdogo bila kusema. Simu zinabaki chumbani. Hilo nimelisimamia na sitaki mjadala, maana nimeona nyumba za watu mnakaa watano kila mmoja yuko kwenye wasap yake, chakula kinapoa, mtu anamaliza kula ukimuuliza chumvi ilitosha hajui.

Na kabla hatujala kuna sahani inatoka kwenda kwa jirani, imefunikwa kawa. Kuna hadithi ya Abu Dharr, sahaba wa Mtume, kwamba Mtume alimwambia ukipika mchuzi ongeza maji yake uwaangalie jirani zako. Angalieni maneno hayo, hakuambiwa anunue nyama zaidi, ameambiwa aongeze maji, yaani hata mwenye kidogo amepewa njia ya kutoa. Jirani yangu mwenyewe ni Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, na kwetu sahani hairudi tupu, akitoka kwao milimani inarudi na peasi au plamsi, Jumapili akitoka ibadani utasikia hodi na bakuli la makande. Siku moja tunachambua mchele aliniambia kwenye Biblia yao, Matendo ya Mitume sura ya 2, wale waumini wa kwanza walikuwa wanamega mkate nyumba kwa nyumba na wanakula kwa furaha na moyo mweupe. Nilifurahi sana kusikia hivyo, nikamwambia basi sie na nyie tumeagizwa kitu kimoja.

Ndio maana huwa naumia kidogo na mawaidha yetu ya siku hizi, nasema hili kwa heshima zote kwa masheikh na wachungaji. Tunatishwa sana. Moto upo na kaburi lipo na tukumbushwe, sikatai, ila mbona ile habari ya furaha hatuambiwi mara kwa mara? Mtume amesema mfungaji ana furaha mbili, moja anapofuturu na nyingine atakapokutana na Mola wake. Wasomaji oneni wenyewe, ile tende na kikombe cha uji magharibi imewekwa sentensi moja na kukutana na Allah! Na ikaja hadithi nyingine kwamba Allah humridhia mja anaekula mlo akamshukuru kwa huo mlo. Kwa hiyo mtu ukishiba wali na mbaazi ukasema alhamdulillah na ukaimaanisha, umeshafanya ibada hapohapo ulipokaa na mikono bado ina harufu ya nazi. Vijana wetu wangeambiwa haya nadhani wengi wasingeona dini ni mzigo wa wazee.

Baada ya alasiri ndo saa yangu mie. Natoka barazani na kofia yangu, nashona kofia za viua, wanaozijua wanajua kazi yake, kitundu kimoja kimoja unakizungushia uzi kwa sindano, kofia moja inaweza kukuchukua miezi ukishona kidogokidogo. Muuza kahawa anapita anagonganisha vikombe vyake, wazee upande wa pili wanakunywa na kashata wanabishana mpira, Coastal Union na Yanga, majirani wanawake tumejipanga na kazi zetu wengine wanasuka ukili, mara tunaongea mara tunanyamaza tu. Kule kunyamaza pamoja ndo nakupenda zaidi. Kofia ninayoshona sasa ni ya mume wangu, Inshallah aivae Idd, na kila kitundu ninachomaliza huwa namuombea dua ndogo, hajui, basi leo akisoma gazeti atajua.

Sasa atakuja mtu aseme dada haya ni ya Tanga, sisi Dar tunatoka nyumbani alfajiri tunarudi saa 3 usiku na foleni juu, hilo baraza tulipate wapi. Nimeishi Dar kwa shangazi yangu Magomeni najua shughuli yake. Lakini hata kule shangazi alikuwa akirudi kachoka hoi anachemsha chai ya tangawizi, anakaa kwenye kigoda nje ya mlango, haongei na mtu mpaka kikombe kiishe, ndo anauliza mmeshindaje. Sie watoto tulikuwa tunajua ile chai isiguswe. Mtu akiamua kukilinda kitu chake kidogo anakilinda popote alipo, na watu wa nyumbani wanazoea kukiheshimu.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeandika ile barua, nakuomba kitu. Ijumaa hii, au Jumapili kama wewe ni Mkristo, mwambie mkeo msile kila mtu kwa wakati wake. Kipikwe chochote kilichopo, iwe dagaa, iwe maharage, mkae chini wote, simu muweke mbali, muombe, mle taratibu, na sahani moja mumpelekee jirani hata kama hamzoeani. Halafu tuandikie humuhumu ilikuwaje, na huyo jirani alisema nini ulivyobisha hodi. Mhariri usiiache barua yake, nitakuwa nalinunua gazeti kuisubiri.

Ni mimi msomaji wenu,
Muuza mbaazi, Ngamiani, Tanga