Kupe anahitaji muda, usimpe

Mteja wetu mmoja alinipigia simu usiku, wiki moja hivi tangu tumpigie dawa uani kwake, na sauti ilishapanda kabla hata ya salamu. "Kaka, mlinipigia dawa gani nyie? Namuogesha mtoto hapa nakuta kupe nyuma ya sikio!" Nikamwambia mama pole sana, habari ya dawa tutaongea, kwanza niambie huyo kupe bado kashika? Kashika. Kavimba au bado bapa? Bapa. Basi tafuta kile kibano cha kutolea nyusi, chenye ncha nyembamba, mbane pale pale anapogusana na ngozi, usimbane tumbo, halafu vuta juu taratibu kwa nguvu moja, usizungushe. Kukawa kimya, mtoto akalia kidogo, halafu nikasikia yule mama anashusha pumzi. Kupe yuko kwenye kichupa cha spiriti, miguu yake minane bado inachezacheza.

Naandika haya kwa sababu yake yeye na wengine wengi wanaotuita wakiamini kwamba tukishapita na bomba la dawa kazi imeisha. Haijaisha, na mimi ndo ninayebeba hilo bomba kwahiyo naomba mnisikilize.

Kuna utafiti ulitoka Marekani mwaka 2016, ulihusu nyumba zaidi ya 2,700 kwenye majimbo yenye kupe wengi. Baadhi ya nyumba zilipigwa dawa ya kweli mara moja msimu wa kuchipua, nyingine zikapuliziwa maji matupu, na wenye nyumba hawakuambiwa nani kapata nini. Kupe walipungua kwa asilimia 63 kwenye zile zilizopigwa dawa, hiyo ni kazi nzuri. Lakini walipohesabu watu waliokutwa na kupe mwilini na watu waliougua magonjwa ya kupe, hakukuwa na tofauti ya maana kati ya pande mbili. Niliposoma hiyo nilikaa nayo siku kadhaa, manake ndo kazi inayonilisha. Mimi naona maelezo yake ni rahisi tu, watu hawaishi uani pekee, mtoto anapita vichakani akitoka shule, mbwa anazurura kwa jirani anarudi na abiria, na hao kupe waliobaki ukikutana na mmoja tu anatosha. Kwahiyo tunapokuja kwako tunapunguza idadi. Ulinzi wa mwisho ni macho yako na vidole vyako, kila jioni.

Sasa kwanini nasema muda ndo kila kitu. Kupe haruki, hapai, wala hadondoki kutoka juu ya mti kama wengi wanavyodhani. Anapanda kwenye jani au kijiti kifupi, anajishikilia kwa miguu ya nyuma, ile ya mbele anaitanua hewani na kusubiri. Kwenye hiyo miguu ya mbele ana kiungo kinachonusa hewa tunayoitoa puani na kuhisi joto la mwili, ukipita ukamgusa kidogo tu kashadandia. Kisha anapanda, anatafuta sehemu laini, yenye unyevu, iliyojificha, na safari hiyo inaweza kuchukua masaa. Akipata pake anachoma, na mate yake yanatia ganzi ndo maana husikii kitu. Mdomo wake una vimiba vilivyoelekea nyuma kama ndoana, na wengine wanatoa kitu kama gundi kujibandika. Ule usemi wa kung'ang'ania kama kupe haukutoka hewani.

Kuna ugonjwa unaoenezwa na kupe unaitwa Lyme, na vijidudu vyake vinakaa tumboni mwa kupe, havikai mdomoni. Damu ya moto ikianza kuingia ndo vinaamka, vinazaana, vinatoka tumboni kuelekea kwenye tezi za mate, na kutoka hapo ndo vinaingia kwako. Safari hiyo kwa kawaida inachukua zaidi ya masaa 24. Yaani kupe uliyemtoa usiku ule ule aliokuingia, uwezekano wa kukuachia Lyme ni mdogo sana. Yule uliyemwacha siku 3 mpaka amekuwa kama punje ya mahindi ni habari nyingine kabisa.

Ugonjwa wenyewe umepewa jina la mji wa Lyme, jimbo la Connecticut, Marekani. Mwaka 1975 kina mama wa maeneo yale, mmoja wao Polly Murray, walichoka kuona watoto wao magoti yanavimba kila mara na madaktari wanawaambia hakuna kitu, wakaanza kuandika wenyewe nani kaumwa lini, wakapeleka malalamiko kwa wataalamu. Daktari Allen Steere wa chuo kikuu cha Yale akafuatilia, ikaonekana kweli kuna jambo. Bakteria mwenyewe aligunduliwa baadaye ndani ya kupe na mwanasayansi Willy Burgdorfer, ikatangazwa 1982, na akapewa jina lake, Borrelia burgdorferi. Leo Marekani peke yake inakadiriwa watu kama 476,000 wanatibiwa Lyme kila mwaka, na Ulaya nako ipo sana, pia sehemu za Asia. Huwa nawakumbuka wale kina mama kila mteja anaposema "labda nawaza tu". Andika tarehe, piga picha, ukienda kwa daktari useme.

Dalili mnazozisikia sana ni ule mduara kama shabaha. Upo, lakini usiungoje uwe mzuri kama wa kwenye picha. Watu kama 7 au 8 kati ya 10 hupata alama kwenye ngozi, hujitokeza siku 3 mpaka 30 baada ya kuumwa, inapanuka taratibu siku hadi siku mpaka kuvuka sentimita 5, mara nyingi haiwashi wala haiumi. Nyingi ni duara lililojaa tu halina shabaha yoyote. Na hili nalisema kwa mkazo kwa sisi wenye ngozi nyeusi: huenda isionekane nyekundu. Inaweza kuonekana kama kivuli, zambarau, au kama mahali ulipojigonga, na watu wanacheleweshwa kutibiwa kwa sababu picha zote walizoonyeshwa ni za ngozi nyeupe. Ukimtoa kupe leo na kesho pakawa na kiuvimbe kidogo kama cha mbu hiyo ni kawaida, kitapotea, ile ya kuogopa ni inayokua.

Pamoja na hiyo alama kunakuja homa, uchovu, kichwa, mwili kuuma. Ikiachwa, wiki au miezi baadaye upande mmoja wa uso unaweza kulegea, mapigo ya moyo yanayumba mtu anazimia, goti linavimba kama limejazwa maji. Ikishikwa mapema antibiotiki za kawaida kama doksisaiklini zinaitibu vizuri, mara nyingi siku 10 mpaka 14 tu. Na kipimo cha damu wiki za mwanzo kinaweza kusema huna wakati unayo, kwasababu kinatafuta kinga ambayo mwili bado haujaitengeneza, kwahiyo usikimbilie kupima siku ya pili ukafurahia jibu. Mahali penye Lyme nyingi daktari anaweza kukupa dozi moja ya kinga kama kupe alikaa muda mrefu, ila iwe ndani ya masaa 72 tangu umtoe. Ndo umuhimu wa kuandika tarehe tena.

Lyme sio peke yake. Kuna homa ya madoadoa ya Rocky Mountain, hiyo inaua haraka, na madaktari wanaambiwa waanze dawa hata kabla majibu ya maabara hayajarudi. Kuna homa ya kupe ya Kiafrika, inayowapata sana watu waliotembea porini, inaacha kidonda chenye gamba jeusi pale alipochoma. Kuna homa ya Crimea na Kongo, hiyo ni ya kutokwa damu, na ndo sababu kubwa nasema usimpasue kupe kwa kucha, iwe wako au wa ng'ombe. Kuna virusi vinavyoshambulia ubongo, Ulaya na Asia, hivyo vina chanjo, ukisafiri uliza.

Halafu kuna papasi, na huyu anaharibu hesabu yangu yote ya muda. Papasi ni ukoo wa kupe lakini ngozi yake ni laini, mikunjo mikunjo, na hakai majanini, anakaa kwenye nyufa za ukuta wa udongo na sakafu ya vumbi. Anatoka usiku umelala, ananyonya nusu saa au pungufu, anarudi kwenye ufa wake, asubuhi huna hata wa kumtoa. Bakteria wake ni ndugu wa karibu wa yule wa Lyme, nao ni Borrelia, na wanaingia ndani ya dakika chache tu. Homa ya papasi inapanda sana siku chache, inaacha, unasema nimepona, baada ya wiki hivi inarudi. Wengi wanatibiwa malaria wee mpaka wanachoka. Mtaalamu wa maabara akiangalia damu vizuri kwa darubini wakati homa imepanda anaweza kuwaona wale vijidudu wamejisokota kama spiringi, kwahiyo mwambie unalala kwenye nyumba ya aina gani. Kwa papasi ukaguzi wa jioni hausaidii, dawa yake ni kuziba nyufa, sakafu ngumu, kitanda mbali na ukuta, na chandarua kilichochomekwa chini ya godoro. Tunapiga dawa ndani kwa kazi hiyo, ila kama nyufa hazijazibwa tutaonana tena.

Turudi kwa kupe wa majanini. Mkitoka sehemu ya nyasi au msitu, ogeni ndani ya masaa mawili, na wakati wa kuoga pitisheni vidole: nywele, nyuma ya masikio, kwapa, kitovu, kiunoni, katikati ya mapaja, nyuma ya magoti. Tumia vidole zaidi ya macho, manake kupe mchanga, ambaye ndo anaambukiza watu wengi zaidi, ni mdogo kama nukta mwishoni mwa sentensi hii. Nguo, wengi wanazifua kwanza. Kupe anaogelea kwenye maji ya vuguvugu na anatoka mzima. Anachoshindwa ni ukavu. Zikiwa hazijalowa ziingize kwenye mashine ya kukaushia, moto mkali, dakika 10, halafu ndo ufue. Kama huna mashine, fua kwa maji ya moto kwelikweli. Ukienda porini suruali ndefu, soksi juu ya suruali, rangi nyeupe umuone akitembea. Kwenye ngozi paka dawa ya kufukuza yenye DEET, kwenye nguo na viatu puliza permetrini ya asilimia 0.5 na uache ikauke kabla ya kuvaa, hiyo haipakwi mwilini.

Na akishashika, nawaomba sana, mafuta ya taa hapana, kiberiti hapana, mafuta mazito ya kumziba pumzi hapana. Unamchokoza akiwa bado ana mdomo ndani yako, na unapoteza muda ukimsubiri ajiachie kwa hiari. Kibano, vuta, osha na sabuni, basi. Kipande cha mdomo kikibaki usichimbe na sindano, ngozi itakisukuma nje yenyewe.

Kwa mbwa, mkague kila siku kuanzia ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, katikati ya vidole. Juzi nimemtoa mmoja kwenye unyayo wa mbwa mweusi ambaye mwenyewe alidhani ana chunjua, alikuwa kijivu, kajaa kama zabibu, nikamuonyesha miguu kwa tochi ya simu ndo akaamini. Vidonge na dawa za kudondoshea mgongoni daktari wa mifugo atakuchagulia kwa uzito.

Tukija kupiga dawa, tusaidieni siku moja kabla. Kateni nyasi, zoleni majani makavu hasa yale ya pembeni chini ya miti na kando ya ukuta, maana kupe anakauka juani na hapo kwenye unyevu ndo nyumbani kwake. Kuni zipangeni mbali na mahali watoto wanapochezea kwasababu panya wanalala humo, na panya ndo wanaowapa kupe wachanga bakteria wa Lyme. Kama bustani inapakana na kichaka tunaweza kukuwekea ukanda wa kokoto au vipande vya mbao, upana wa mita 1, kupe hapendi kuvuka pakavu. Hatupulizii maua yaliyochanua, nyuki wanakufa. Watoto na mbwa wakae ndani mpaka dawa ikauke kabisa.

Kama una bwawa la samaki tuambie tukae nalo mbali. Na kama una paka tuambie kabla hatujafungua dumu, dawa nyingi za kupe zina permetrini na paka mwili wake hauwezi kuivunja, anatetemeka mpaka anakufa, wala usimpake hata tone la dawa ya mbwa.